Mtoto na Jina Lake: Barua Sita Kutoka Mombasa

Shule zimefunguliwa, na barua nyingi zilizofika kwenye safu hii zinazunguka jambo moja, nalo ni mtoto mdogo na uandishi wa jina lake. Wazazi, nyanya na hata walimu wanauliza mtoto aanze lini, aanze na herufi gani, na afanywe nini anapogoma. Nimechagua sita kati ya barua hizo. Nimezifupisha, nimeyaondoa majina ya waandishi, na majina ya watoto nimeyabadilisha kwa mengine yenye herufi zinazofanana na zao, kwa kuwa mara nyingi jibu limo ndani ya herufi hizo.

Assalam aleikum Mwalimu. Binti yangu Mwanaisha ana miaka minne na yuko PP1, mwaka wa kwanza wa shule ya awali. Kila Ijumaa analetewa karatasi yenye jina lake lililoandikwa kwa nukta, mistari ishirini, ili apitishe penseli juu yake. Akifika mstari wa tatu analia, na Jumapili usiku huishia kumshika mkono nikaiandika kazi mwenyewe. Mtoto wa jirani, Ali, ambaye ni mdogo kwake kwa miezi kadhaa, huandika jina lake bila msaada. Je, mwanangu ana tatizo? – Mama, Kisauni

Waaleikum salaam, Mama Mwanaisha. Kabla ya kumpima mwanao kwa mwana wa jirani, hesabu herufi. Jina la Ali lina tatu na la binti yako lina tisa, kwa hiyo hata wangekuwa na umri mmoja na mkono mmoja, mmoja angemaliza kabla mwenzake hajafika katikati.

Mbali na idadi, liko suala la maumbo. Mikono ya watoto hujifunza mistari kwa utaratibu unaokaribiana sana kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Baina ya miaka miwili na mitatu mtoto huweza kuiga mstari wima, kisha wa mlalo. Karibu na miaka mitatu hupata mviringo. Akifika minne huweza kukatisha mistari miwili kama alama ya kujumlisha, na mraba hufuata baadaye kidogo. Mstari wa mshazari, yaani ule unaolala upande, huchelewa kuliko hiyo yote, na ndiyo maana watoto wengi hawachori pembetatu inayoeleweka mpaka wamekaribia au kupita miaka mitano. Sasa litazame jina la mwanao kwa jicho hilo. Linaanza na M kubwa, ambayo ina mishazari miwili katikati, na mara tu baada yake inakuja w, ambayo ni mishazari minne mfululizo. Ali naye ana mishazari kwenye A yake, lakini akishaivuka hiyo, l na i ni mistari wima mitupu. Mtoto wa miaka minne asiyeweza kuandika jina lenye herufi tisa, tena lenye mwanzo kama huo, hana tatizo lolote ninaloliona katika barua yako.

Karatasi ya nukta siipendi, na nitaeleza kwa nini. Mtoto anayepitisha penseli juu ya nukta anaweza kuanzia mwisho wa herufi, akaruka, akarudi, na bado karatasi ikaonekana nadhifu kwa mwalimu. Jicho lake linafuata nukta iliyo mbele, halifuati herufi. Mwaka 2012 watafiti Karin James na Laura Engelhardt wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wa miaka mitano ambao hawakuwa wamejua kusoma. Herufi nyingine watoto hao waliziandika wenyewe kwa kuangalia mfano, nyingine walizipitishia kalamu, na nyingine walizibonyeza kwenye kibodi. Walipoonyeshwa herufi hizo baadaye huku ubongo wao ukipigwa picha, sehemu zinazotumika katika kusoma zilishughulika zaidi kwa herufi walizoziandika wenyewe. Maelezo yao yananiridhisha: anayeunda herufi mwenyewe huamua pa kuanzia na pa kugeukia, na herufi zake zikitoka kombokombo, kila moja na sura yake, zinamfundisha kwamba a ina sura nyingi na bado ni a.

Mwombe mwalimu, kwa upole, kwamba binti yako afanye mistari miwili tu na aiandike chini ya mfano, si juu ya nukta. Walimu wengi hukubali mzazi anapokuja na pendekezo badala ya lawama. Na tafadhali acha kumshika mkono. Mkono unaoshikwa hulegea na kusubiri kuendeshwa, na kazi inayorudi shuleni inamwambia mwalimu uongo kuhusu alipofikia mtoto.

Kwa upande wa nyumbani, penseli ije mwisho. Anza na jicho: kata kipande cha boksi, andika Mwanaisha kwa maandishi makubwa yaliyo wazi, na ukibandike mahali anapowekea viatu vyake au kwenye kikombe chake, mahali ambapo kulitambua jina kunampa kitu. Kikombe chenye jina lake kikichanganywa na vya ndugu zake, atajifunza kulitafuta bila kuambiwa kwamba anasoma. Kisha liende sikio: piga naye makofi mkilitamka, Mwa-na-i-sha, makofi manne, halafu mpige ya jina la mama na la baba. Lugha yetu inatusaidia sana hapa kwa kuwa silabi zake zasikika waziwazi. Usishangae binti yako akikataa katakata kwamba jina la baba lina makofi machache kuliko lake. Emilia Ferreiro, mtafiti mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi kwa miaka mingi nchini Meksiko, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba watoto wadogo hudhani kitu kikubwa kinastahili jina refu, na kidogo jina fupi. Si ujinga, ni mtoto anayefikiri jinsi maandishi yanavyofanya kazi.

Mkono nao utayarishwe jikoni, ambako una kazi za kweli. Kukanda donge la unga wa mahamri, kubambua njugu, kuchambua mchele kwenye sinia, kukamua ndimu, kutunga asumini kwenye uzi, yote haya yanaimarisha vidole vilevile vitakavyoshika penseli, na hakuna anayelia. Binafsi naona mtoto aliyetunga asumini kila Alhamisi jioni pamoja na shangazi yake hufika mbali kuliko aliyejaza daftari zima la nukta.

Penseli itakapofika, usianze na M. Jina la Mwanaisha lina a tatu, yaani thuluthi ya jina ni herufi moja, na a ndogo ni mviringo wenye kijiti pembeni, maumbo ambayo mkono wake tayari unayaweza. Andika wewe Mw, acha nafasi, n, acha nafasi, ish, acha nafasi, kisha mwachie azijaze nafasi zote tatu. Kwa siku ya kwanza atakuwa ameshiriki kuliandika jina lake halisi, na utaliona hilo usoni mwake. Akizizoea a, mwachie na i, kisha n na h ambazo ni ndugu, kisha s, na hatimaye M na w. Kila hatua ichukue muda wake. Ikiwa ni wiki, ni wiki, na ikiwa ni muhula, ni muhula.

Mwalimu, mwanangu Juma ana miaka mitano. Anaandika J ikiwa imetazama upande usio wake, na mara nyingine jina zima linatoka kinyume, kana kwamba limeandikwa kwenye kioo. Mjomba wake anasema ni kwa sababu ya madrasa, ambako wanaanza kuandika kulia kwenda kushoto, na kwamba nimtoe mpaka aingie Gredi ya Kwanza. Nifanye nini? – Baba, Changamwe

Mwache madrasa, Baba Juma. Watoto wa nchi ambako hakuna anayeandika kutoka kulia huandika kinyume vilevile. Stanislas Dehaene, mtafiti wa ubongo kutoka Ufaransa, ameeleza chanzo chake: jicho na ubongo wa binadamu vimezoea kukitambua kitu kuwa ni kilekile, kiwe kimegeukia kulia au kushoto. Punda wa kule Lamu ni punda akielekea baharini na ni punda akielekea sokoni. Uwezo huo unatufaa sana maishani, ila katika kusoma unageuka kuwa kikwazo, kwa kuwa b ikigeuzwa inakuwa d. Mtoto anayejifunza kuandika analazimika kuuacha uzoefu huo wa asili kwa ajili ya herufi peke yake, na jambo hilo huchukua muda. Kwa watoto wengi kugeuza huku hupungua na kwisha kufikia karibu miaka saba.

Kuna zaidi kuhusu J. Herufi nyingi za kilatini zina uso unaotazama kulia: B, C, D, E, F, K, L, P, R. Mtoto akishaziona nyingi, huanza kuhisi, bila kufundishwa, kwamba herufi hutazama kulia, naye huigeuza ile inayokwenda kinyume na kanuni aliyoibuni. Kwa hiyo J na Z, pamoja na tarakimu kama 3 na 7, ndizo zinazogeuzwa mara nyingi kuliko nyingine. Kina Juma, Jamila, Zainabu na Zuhura wako kwenye kundi moja hapo, na kosa lao ni kosa la mtoto mwenye akili inayotafuta utaratibu.

Jina zima likitoka kinyume, chunguza kwanza alianzia wapi kwenye karatasi. Mtoto akianza karibu na ukingo wa kulia, nafasi inamwishia mara moja, na njia iliyobaki ni kurudi kushoto. Basi anarudi, na kila herufi inageuka pamoja naye. Dawa yake ni ndogo: chora nyota au nukta ya kijani upande wa kushoto, umwambie jina linaanzia hapo, na uhakikishe kuna nafasi ya kutosha mbele yake. Kwenye daftari la chuo, yaani la madrasa, chora nukta hiyohiyo upande wa kulia. Mtoto anaweza kabisa kuelewa kwamba madaftari mawili yana milango miwili.

Na mjomba umkumbushe, kwa heshima, kwamba mji huu umeishi na hati mbili kwa muda mrefu. Tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, zilihifadhiwa kwa herufi za Kiarabu kabla hazijahamishiwa kwenye hati tunayoisoma leo, na watu waliozishika hati zote mbili hawakuharibika kichwa. Kama ustadhi wa mwanao ana nafasi, mwombe amwandikie Juma kwa herufi za Kiarabu kwenye kipande cha boksi, wewe mwandikie kwa za kilatini kwenye kingine, na vibandikwe kando kwa kando. Kinachochanganya watoto ni kutoelezwa kwamba hizo ni hati mbili.

Kusahihisha nako kuwe kwa kiasi. Usiifute J yake. Andika yako chini, iliyo sahihi, na umuulize anaona tofauti gani.

Mjukuu wangu wa kike ana miaka minne, jioni huenda chuo, na anashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Nimemfunga kitambaa mkononi lakini hakikusaidia. Wazee wenzangu wanasema akikua hivyo ni aibu. Niendelee? – Nyanya, Mji wa Kale

Shikamoo, nyanya. Nakuomba ukifungue kitambaa. Takriban mtu mmoja kati ya kumi duniani hutumia mkono wa kushoto, na hali hiyo hutokana na jinsi ubongo ulivyojipanga. Kumlazimisha mtoto abadilishe kunamchelewesha kuandika na kumfanya aichukie kalamu. Adabu ya mkono wa kulia wakati wa kula, kusalimiana na kupokea kitu iendelee kufundishwa kama ulivyofundishwa wewe, na watoto wanaweza kabisa kulijua hilo na bado wakaandika kwa kushoto. Hayo ni mambo mawili.

Msaada anaouhitaji ni wa vitu vidogo. Karatasi yake iinamishwe, upande wa juu ukielekea kulia, ili mkono ukae chini ya mstari usiyafunike maandishi. Penseli aishike juu kidogo kuliko wenzake, kama sentimita tatu kutoka kwenye ncha, aone anachoandika. Darasani aketi mwisho wa benchi upande wa kushoto, la sivyo kiwiko chake na cha jirani vitagombana siku nzima. Na kwa kuwa umetaja kwamba anakwenda chuo jioni, utaona jambo la kufurahisha: kwa maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto, mkono wa kushoto ndio wenye nafuu, kwa sababu unasonga mbele na kuyaacha maandishi wazi nyuma yake.

Mimi ni mwalimu wa chekechea Likoni. Nina watoto arobaini na mmoja, meza chache, na penseli zinazopotea kila wiki. Nitawafundishaje wote majina yao bila kumkalia kila mmoja? – Mwalimu

Mwenzangu, nakusalimu. Barua yako ndiyo niliyoifikiria kuliko zote, kwa kuwa ushauri mwingi wa vitabuni umeandikwa kwa mwalimu mwenye watoto kumi na tano na kabati la vifaa. Faraja ni kwamba mji wako una historia katika jambo hili. Mpango wa shule za awali za madrasa ulioanzia hapa Mombasa katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ulijengwa juu ya wazo kwamba jamii inaweza kuwafundishia watoto wadogo kwa vifaa vinavyopatikana palepale, na wazo hilo halijazeeka.

Nakushauri uifanye orodha ya mahudhurio kuwa somo lako. Kusanya maboksi kutoka dukani, kata kadi arobaini na moja zinazolingana, na kila moja iandikwe jina la mtoto mmoja kwa maandishi yanayofanana, herufi ya kwanza kubwa na nyingine ndogo. Kwenye kila kadi chora pia alama ya mtoto huyo, samaki, nazi, mtumbwi, kwa wiki za mwanzo tu. Tandaza kadi mkekani kabla watoto hawajaingia. Kila anayeingia aitafute yake na kuitundika kwenye uzi ulioufunga ukutani kwa kibanio cha nguo. Zilizobaki mkekani ni za wasiokuja, na rejista yako imejijaza. Wiki zikipita, ukate zile picha moja baada ya nyingine, ukianza na za watoto wanaolijua jina bila msaada wa samaki.

Hapo somo linajiendesha lenyewe asubuhi baada ya asubuhi, kwa sababu majina yetu yanafanana kiasi cha kulazimisha macho yafanye kazi. Salim na Salma wanaanza sawa, hivyo mtoto hawezi kutegemea herufi ya kwanza. Inambidi atazame mwisho. Mwanajuma na Mwanaisha wanafanana kwa herufi tano za mwanzo. Kadzo na Katana wataanza pamoja na kuachana kwenye herufi ya tatu, na ukiwaita mbele ya darasa mzitamke polepole, darasa zima litasikia dz na kuona kwamba sauti hiyo moja imeandikwa kwa herufi mbili, kama vile Khadija anavyoanza na mbili. Ukiwa na Fatuma wawili, na pengine unao, waongezee jina la baba kwenye kadi mapema, wasije wakagombania kadi moja.

Kuhusu penseli, zikiwa chache zitumike kwa makundi. Wanane waandike, wengine waandike kwa njia nyingine: kwa kidole kwenye sinia la mchanga, kwa chaki kwenye saruji ya varanda, kwa maji na brashi ukutani, kwa vifuniko vya soda ulivyoviandika herufi kwa kalamu ya wino mzito. Vifuniko navipenda kwa sababu mtoto ambaye mkono wake bado haujaweza k anaweza hata hivyo kuitafuta, kuipanga na kuisoma Katana yake yote. Akili haisubiri vidole. Mkiwa na ruhusa na wazazi wa kusindikiza, maji yakitoka pale ufukweni mchanga mnyevu ni ubao mpana ambao hakuna shule iliyo nao, na mtoto anayeandika kwa kijiti kirefu huandika kwa bega zima, jambo linalomwezesha kuuhisi mshazari ambao kwenye karatasi unamshinda.

Jambo moja la tahadhari: mwambie mzazi aandike jina la mtoto ndani ya mkoba, si nje. Mtu asiyemjua hapaswi kuweza kumwita kwa jina kivukoni.

Mwalimu, mume wangu anamfundisha mtoto herufi kubwa tupu, MOHAMED, na shule inataka ndogo. Halafu kadi ya kliniki ina Mohamed, cheti cha kuzaliwa kina Mohammed, na nyumbani tunamwita Mudi. Aandike lipi? – Mama, Tudor

Kwa herufi, fuateni shule: M kubwa, nyingine ndogo. Baba ana hoja yake, kwa sababu herufi kubwa zina mistari iliyonyooka zaidi na zote ni za kimo kimoja, hivyo mkono mchanga huzimudu mapema. Lakini karibu kila kitu atakachosoma mtoto kimeandikwa kwa herufi ndogo, na jina analolijua lote kwa kubwa atalazimika kulijifunza upya. Ikiwa ameshazoea MOHAMED, msimkemee. Yaandikeni yote mawili kwenye kadi moja, kubwa juu na ndogo chini, mpaka azioanishe mwenyewe.

Kwa tahajia, cheti cha kuzaliwa ndicho kinachotawala. Usajili wa wanafunzi hufuata cheti, na tofauti ya herufi moja isiyomsumbua mtu chekechea huweza kuisumbua familia wakati wa kusajiliwa kwa mitihani au kuomba kitambulisho. Basi mfundisheni Mohammed, mwenye m mbili katikati. Ikiwa cheti ndicho chenye kosa, kirekebisheni kwenye ofisi ya usajili wa vizazi na vifo sasa hivi, kabla mtoto hajalizoea jina ambalo baadaye mtamwambia silo.

Mudi sioni haja ya kumnyima. Herufi nne, nyepesi, na ni jina analoitikia kwa moyo. Aanze nalo nyumbani kama analipenda, alimradi kwenye kadi yake ya shule aone Mohammed na ajue kwamba yote mawili ni yeye. Mtoto aliyefika darasani akaitwa Mohammed kwa mara ya kwanza maishani mwake hanyamazi kwa utundu. Hajui kwamba anaitwa.

Kijana wangu ana miaka saba, yuko Gredi ya Pili. Anaandika herufi mbili za mwanzo za jina lake na nyingine anazipanga ovyo, kila siku kivyake. Akifundishwa leo, kesho amesahau. Mwalimu anasema ni uvivu. Nimechoka kumpiga. – Mama, Bamburi

Mama, kumpiga kukome leo hii. Yale niliyowaandikia wenzako hapo juu kuhusu subira yanahusu watoto wa miaka minne na mitano. Kwa mtoto wa miaka saba aliyepitia PP1, PP2 na Gredi ya Kwanza na bado jina lake linabadilika kila siku, haifai kungoja tena, wala neno uvivu halitoshi kueleza.

Anza na macho na masikio, kwa sababu ndiyo rahisi kupimwa. Mtoto asiyeona ubao vizuri hajui kwamba wengine wanauona. Hudhani ndivyo ulivyo. Mtoto aliyeugua masikio mara kwa mara alipokuwa mdogo huenda hasikii vizuri tofauti ya sauti zinazokaribiana, na asiyezisikia hawezi kuziandika. Vyote vikiwa salama, uliza kuhusu disleksia, hali ambayo mtoto mwenye akili timamu, pengine hodari wa kusimulia na kuhesabu, hupata taabu kubwa kuunganisha sauti na herufi. Haiponywi kwa fimbo wala kwa kurudia mstari mara mia, lakini ikijulikana mapema kuna namna za kufundisha zinazomfaa, za polepole, zinazotumia sauti, jicho na mguso kwa pamoja.

Nchini Kenya kuna vituo vya serikali vya tathmini na nyenzo za elimu, vilivyoanza mwaka 1984, ambavyo kazi yake ni kuwapima watoto wa namna hii na kushauri shule. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako itakuelekeza kwenye kilicho karibu, na mwalimu mkuu anaweza kukuandikia barua ya kukutambulisha. Siku ya kwenda, chukua daftari zake za mwaka huu pamoja na za mwaka jana, hata zile mbovu, na cheti chake cha kuzaliwa. Andika pembeni alianza kuzungumza akiwa na umri gani, aliwahi kuugua nini, na kama kuna ndugu, mjomba au baba aliyehangaika na kusoma, kwa kuwa jambo hili mara nyingi hutembea ndani ya ukoo. Usimfanyishe mazoezi usiku uliotangulia. Anayempima anataka kuliona jina kama kijana anavyoliandika siku ya kawaida, akiwa amelala vizuri na amekunywa chai.